Chandarua Alivyoondoka na Sauti ya Baba

Mimi sinywi pombe, na sitafuti mtu wa kunionea huruma. Nauza mchele hapa Mpemba, jirani na mpaka wa Tunduma, kando ya barabara kuu, na mwenye shaka aje aniulize uso kwa uso. Haya ninayoyaandika yalitokea Jumapili saa kumi jioni, mchana kweupe, tukiwa watu wazima watatu na akili zetu timamu. Hao wawili wengine wapo hai na majina yao nitayataja. Mmoja ni Nzunda, fundi redio. Wa pili ni Mwalimu Simbeye, aliyestaafu. Wakikasirika, na wakasirike. Mimi nilishakasirika kabla yao.

Kwanza nikueleze Chandarua ni nani, maana bila hilo hutanielewa.

Nilipokuwa mtoto kwetu Ihanda, kulikuwa na Mzambia mmoja aliyekuja na pikapu, jenereta na mashine ya sinema. Alikuwa anaonyesha ndani ya ghala la kahawa msimu ukishaisha, ghala likiwa tupu, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Mikanda yake ilikuwa ya zamani sana, ya Hollywood, ya picha zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe tu, imekatika na kuungwa mara nyingi mpaka pale mwanzoni penye majina ya wachezaji hapakuwepo tena. Kwa hiyo yule mwanamke hatukujua anaitwa nani. Alivaa kofia iliyolala upande, yenye wavu mwembamba ulioshuka mpaka puani. Ihanda nzima ikamwita Chandarua.

Kiingereza hakuna aliyekijua. Baba yangu alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Kopabelti, kule Zambia, akarudi na kifua kibovu na sifa ya kujua Kizungu. Mzambia akampa kazi ya kutafsiri. Baba anakaa kwenye gunia pembeni ya shuka, ameshika kipaza sauti cha bati. Chandarua anafungua mdomo kule, anaufunga, halafu ndiyo baba anasema. Kwa hiyo Chandarua wetu alikuwa na sauti nzito ya kiume, yenye kikohozi katikati. Hakuna aliyeona ajabu. Tulimpenda hivyo hivyo.

Na baba hakujua Kiingereza. Alijua Kibemba cha migodini na Kiswahili na Kinyiha cha kwetu, basi. Alikuwa anatunga. Anatazama sura za watu kwenye shuka, anasema anachoona kinafaa. Chandarua anamnywesha supu mwanamume aliyelala kitandani, anamdondoshea matone kutoka kwenye kichupa, baba anasema, "Kunywa mume wangu. Chungu, najua. Ingekuwa mizizi ya kwetu ingekuwa chungu zaidi." Ghala zima kicheko. Mwanamume anafumba macho, baba anasema, "Mwacheni alale, jasho limeshaanza kumtoka. Keshokutwa analima huyu."

Kuna mahali Chandarua anainama kwenye sikio la yule mgonjwa, midomo inacheza, lakini hata kwenye mashine hakuna sauti. Hapo baba alisema maneno tofauti kila Jumamosi. Mara anamwombea. Mara anamtajia majina ya watoto watakaowazaa. Watu walikuwa wanarudi kuangalia sinema ile ile kwa ajili ya pale tu.

Baba alikufa nikiwa darasa la tano. Shule yangu ikaishia hapo. Baadaye wakafa mama na kaka zangu wawili, mmoja baada ya mwingine, nikabaki peke yangu na kaseti moja. Baba mdogo aliirekodi Jumamosi moja mle ghalani, redio imewekwa miguuni kwa mama. Unasikia mashine inanguruma, unasikia watu, unamsikia baba. Picha ya baba sina. Hakuwahi kupigwa. Nilichokuwa nacho ni ile sauti.

Sasa, watu wa Ihanda tumetawanyika, wengi tuko Tunduma na Mpemba kwa ajili ya biashara. Mwaka juzi Nzunda akaanzisha kundi la wasap la wapenzi wa Chandarua. Usicheke. Watu wanapenda mpira, sisi tulipenda mwanamke wa kofia. Na kila Jumapili baada ya kanisa tuliokuwa karibu tulikutana kwenye mgahawa mdogo jirani na genge langu, tunakunywa chai, tunakumbushana. Nzunda anakuja na redio yake ya kaseti, maana ndiyo pekee iliyobaki nzima. Mimi nakuja na kaseti nimeifunga kwenye upindo wa kitenge, na nikimaliza naondoka nayo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Nzunda alikuwa ameshaihamishia kwenye simu na kuitupia kundini, lakini kaseti yenyewe hailali kwa mtu.

Jumapili hiyo wengine walikuwa na msiba Vwawa. Tukawa watatu.

Mwalimu Simbeye yeye alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Alimtafuta Chandarua kwenye simu mwaka mzima, picha baada ya picha za wachezaji wa zamani, mpaka akaiona ile kofia. Sinema yenyewe hakuipata, lakini habari alizisoma. Tangu hapo hatukupumua.

"Aliolewa mara tano," akasema siku hiyo, chai haijapoa. "Tano, dada! Na mayai alikuwa hali, yalimtoa vipele."

"Hayo ya mayai aliyatunga baba yangu ghalani," nikamwambia. "Simu yako imeyapata wapi?"

"Basi mayai ya baba yako. Waume ni wa kwenye simu."

Nzunda akacheka. "Mwalimu, wewe mke mmoja tu anakutoa mbio, unahangaika na waume wa Wazungu."

"Nahangaika na ukweli, bwana."

"Ukweli ungekuwa unaliwa ungekuwa umenenepa."

Tunacheka hivyo, akaingia mwanamke. Akakaa kwenye meza yetu bila kuuliza. Kitenge, blauzi, na kofia ya kanisani yenye wavu mbele. Ungemshangaa? Mpemba hapa malori yamepanga foleni ya mpakani kutwa nzima, watu wanashuka kunyoosha miguu, kina mama wa Zambia wanavaa kofia za kila namna. Nzunda akamsalimia kwa Kibemba, "Muli shani, mukwai?" Akaitika kwa kichwa. Akaagiza soda ya machungwa kwa kuionyesha kwa kidole.

Niamini ninachokwambia. Kile kitambaa cha mezani kilikuwa cha nailoni, chekundu. Alipoweka kiwiko, pale chini ya kiwiko kikawa rangi ya jivu. Nikadhani ni kivuli, maana mawingu yalikuwa yameshuka. Ikaletwa soda. Mkononi mwa mhudumu ilikuwa ya machungwa. Ilipowekwa mbele yake ikawa ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Nikawatazama wenzangu. Mwalimu alikuwa anahesabu waume. Nzunda alikuwa anapuliza vumbi kwenye redio.

Nilipaswa kuondoka saa ile ile. Lakini utaaga unasema nini? Kwamba soda imebadilika rangi?

Nzunda akamweleza mgeni kwa heshima tunafanya nini pale, kwamba tunamkumbuka mchezaji wa sinema wa zamani. Yule mwanamke akasikiliza. Kisha akafungua mdomo. Midomo ikacheza, ikatulia. Na ndipo sauti ikaja, ndogo, ya mbali, kama mtu anayesema akiwa chumba cha pili.

"Na yule mgonjwa, alipona?"

Nikamjibu mimi. "Alipona. Baba alisema keshokutwa analima."

Akaweka mkono kifuani. Mwalimu, kwa kuwa hawezi kujizuia, akaingilia.

"Mama, samahani. Huyu dada anasema alivyosikia utotoni. Mimi nimesoma. Alimuua. Yale matone ni sumu, anataka nyumba na mashamba yake. Sinema yote ni ya mauaji, ila mzee wetu ndiye aliyetuuzia hadithi ya nesi."

"Mwalimu!" nikamwambia.

"Nisamehe dada, lakini ndivyo ilivyo."

Yule mwanamke hakukasirika. Midomo ikacheza, ikatulia, sauti ikafuata. "Ni kweli. Kwingine kote namuua. Nimemuua miji mingi, miaka mingi, kila wakiwasha mashine. Ihanda peke yake ndiko nilikomuuguza."

Nzunda akapiga paja. "Huyu mama ni mpenzi kweli kweli! Anasema kama ndiye Chandarua mwenyewe!"

Mimi sikucheka. Akageuka akanitazama, macho yapo nyuma ya wavu, akasema, "Nina hamu ya kuisikia."

Nikaitoa kaseti. Usiniulize kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa ameomba kwa adabu, na mimi nimezoea watu wanaomtania baba kwamba alikuwa tapeli. Huyu hakumtania. Nzunda akaiweka, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Baba akakohoa, akasema, "Kunywa mume wangu." Watu wa Ihanda wakacheka mle ndani. Yule mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeombewa, na midomo yake ilikuwa inacheza pamoja na maneno ya baba. Sikosei. Ilikuwa inatangulia kidogo, halafu baba anafuata, kama vile alivyokuwa akimfuata mle ghalani.

Ilipoisha, akanyoosha mkono juu ya meza. "Niachie."

"Hapana, mama."

"Naomba. Nikiwa na sauti hii sitamuua tena."

"Hii ni ya baba yangu," nikamwambia. "Picha yake sina. Nguo yake sina. Nina hii tu."

Kisha akaitika, "Haya," taratibu kabisa, akarudisha mkono. Wala hakunitisha. Mpaka leo watu wananiuliza kama alinionyesha kwato, kama macho yake yaliwaka. Hakuna. Alikuwa mtu mwenye huzuni ambaye rangi zilikuwa zinamkimbia.

Hapo mvua ikashuka. Mvua ya huku haibishi hodi, na mimi nilikuwa nimeacha magunia ya mchele wa Kamsamba mdomo wazi kwenye genge. Nikaruka. Nikamwambia Nzunda, "Nishikie kaseti, nakuja." Hilo ndilo kosa langu, nalisema wazi. Mengine ni yao.

Nilikuwa navuta turubai, maji yananiingia shingoni, nikatazama dirishani. Ni hatua kumi tu. Nikaona yule mwanamke anasema na Mwalimu. Mwalimu ameinama kama mtoto anayepewa pipi. Nikaona Mwalimu anamgeukia Nzunda, anamwambia kitu. Nzunda anasitasita, anatazama upande wangu. Mwalimu anampiga bega. Nzunda akabonyeza redio, mlango wa kaseti ukafunguka, akaichukua, akaiweka kwenye kiganja cha yule mwanamke.

Nikapiga kelele, lakini kelele za mvua juu ya bati unazijua. Nikaacha turubai nikakimbia.

Kabla sijafika mlangoni nikamsikia baba anakohoa.

Si redioni. Redio ilikuwa wazi, tupu. Nikasikia, "Asanteni sana, jamani," nzito, ya kiume, ile ile, karibu kabisa, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Yule mwanamke akanipita mlangoni. Hakunigusa. Akaingia mvuani, akaelekea kwenye malori.

"Mama!" nikamwita. "Mama, nirudishie!"

Akasimama katikati ya malori mawili. Akageuka. Midomo yake ikacheza, ikatulia. Kisha baba akaniambia, "Rudi ndani mwanangu, unalowa."

Niambie wewe. Maneno hayo hayamo kwenye sinema. Hayamo kwenye kaseti. Nani aliyaweka? Miguu yangu ilikataa kumfuata, si kwa woga. Baba alikuwa ameniambia nirudi ndani, nikarudi ndani. Nilikuwa na umri mkubwa kuliko aliofia yeye, na nilitii kama mtoto. Nilipogeuka tena, malori yalikuwa yamesogea na pale katikati hapakuwa na mtu.

Ndani, kaseti ilikuwa mezani. Hakuondoka nayo. Nzunda akasema, "Dada, ameishika tu, akairudisha. Ipo. Hakuna kilichoharibika." Akaiweka, akabonyeza.

Mashine inanguruma. Benchi linalia. Mtoto analia, ananyamazishwa. Baba hayupo. Panapita kimya, halafu watu wote wanacheka. Panapita kimya tena, wanacheka tena. Nzunda akafungua simu yake, ile ya kundini. Vile vile. Akampigia mwenzetu aliyekuwa msibani afungue ya kwake. Vile vile. Ukimwambia fundi yeyote atakwambia kaseti imezeeka, sumaku imelika. Sumaku inakula mtu mmoja na kuacha kijiji kizima kinacheka?

Nikamuuliza Mwalimu, "Alikupa nini?"

Akakivuta kikombe chake.

"Mwalimu Simbeye, nakuuliza kwa heshima. Umemuuza baba yangu kwa kitu gani?"

Akasema huku anatazama kikombe. "Aliahidi kuniambia alichomnong'oneza mgonjwa. Pale pasipo na sauti. Dada, miaka yote hiyo nimekuwa nikijiuliza."

"Na akakwambia?"

"Akaniambia."

"Alisema nini?"

Mwalimu akafuta uso. "Hakusema kitu. Alikuwa anahesabu moja mpaka kumi. Aliyekuwa anaitengeneza sinema alimwagiza achezeshe midomo mpaka afike kumi."

Hicho ndicho walichopata. Nataka ukisome tena. Baba yangu pale aliweka maombi, aliweka majina ya watoto, Jumamosi baada ya Jumamosi, akiwa na kifua kinachomuua. Nao wakayatoa yote hayo ili waambiwe kwamba palikuwa na moja mpaka kumi.

Nzunda ameniomba radhi mara nyingi, na alikuja na kuku. Kuku nilimpokea, radhi sijampa. Mwalimu hapiti tena mbele ya genge langu, anazungukia nyuma kwenye matope. Nasikia alirudi kwenye simu kutafuta ile habari ya sumu, ili anionyeshe angalau hapo alikuwa sahihi, akakuta haipo. Anachokuta sasa ni kwamba Chandarua alisifika kwa kucheza mke aliyemuuguza mumewe mpaka akapona. Kama ni kweli, heri yake Chandarua. Amepata wema alioutafuta. Aliyeulipia ni mimi.

Na haikuishia kwenye kaseti. Mwezi uliofuata nilikwenda Ihanda kwa wazee waliokuwa wakiangalia sinema mle ghalani. Nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa mama, "Shikamoo bibi. Unakumbuka baba alivyokuwa anasema kwenye sinema?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Baba yako? Alikuwa mtu mkimya yule. Anakaa tu kwenye gunia lake, anaangalia." Nikamuuliza mzee mwingine, akasema hivyo hivyo, mkimya, mpole. Baba yangu! Aliyefanya wakulima walie kwa kucheka na kesho yake warudie maneno yake shambani!

Na mimi mwenyewe, nikijaribu kuyakumbuka yale aliyoniambia mvuani, maneno ninayo, ila nayasikia yakisemwa na sauti yangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una sauti ya mzazi wako kwenye simu au kwenye kaseti, isikilize nyumbani kwako. Usiipeleke mezani kwa watu wanaojua kusifia. Usiitupie kwenye makundi. Na kama mgeni akiisikiliza na midomo yake ikaanza kutangulia maneno, chukua mali yako uondoke, hata kama mchele wote unalowa. Mchele ungekauka. Niliuanika kesho yake, ukakauka, nikauuza.

Kaseti bado ninayo. Jana nimekwenda kwa Nzunda, sikumsalimia, nikamwambia aiweke. Mama yuko karibu sana na redio, unaweza kusikia hata anavyovuta pumzi. Anatulia, anasikiliza kitu, halafu anaanza kucheka, anacheka mpaka anashindwa, anamwambia jirani yake, "Jamani huyu mwanamume!" Sijui baba alikuwa amesema nini.